Mkebe wa Safu ya Sita

Watu wa ofisini walimwita Bi Siki, naye aliitika. Jina lilitokana na harufu. Filamu za zamani zikianza kuoza hunuka siki, na mtu akikaa nazo karibu miaka thelathini harufu hiyo humwingia kwenye nywele, kwenye sweta, hata kwenye mkate aliojifungia kwa chakula cha mchana. Akiingia kwenye lifti, wenzake walikumbuka ghafla kwamba kupanda ngazi ni dawa ya moyo. Mkurugenzi mmoja, Mungu amrehemu, aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba siku huyu mama akistaafu ofisi itakosa cha kunyunyizia saladi. Wageni walicheka, yeye pia alicheka, kisha akashuka ghalani kwake na kufunga mlango taratibu.

Ghala lilikuwa chini kabisa ya jengo. Kilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye safu kumi na mbili za rafu za chuma na kiyoyozi kilichonguruma bila kupumzika. Kwenye rafu kulikuwa na mikebe ya bati elfu mbili na mia nane, na ndani yake watu wakilima, wakikimbia mbio za shule, wakikata utepe kufungua madaraja, wakihutubiana. Wengi wao walishakufa. Bi Siki aliwajua kwa sura kuliko alivyowajua majirani zake mwenyewe, maana majirani walihamahama, na hawa walikaa pale pale alipowaacha jana.

Kazi yenyewe aliianza na ufagio. Aliajiriwa kufagia korido akiwa na miaka ishirini na mitano, na elimu ya shule ya msingi tu. Kwa miaka sita alikwenda masomo ya jioni, akikaa dawati la nyuma pamoja na walinzi na wapishi, macho yakimwuma kwa usingizi, na kabla ya kila mtihani aliomba kwa maneno yale yale: Mungu, usiniache nikaaibika. Hakuaibika. Alipopata cheti, mtunzaji wa ghala wa wakati huo alimchukua awe msaidizi wake. Huyo waliyemwita Bwana Mikebe alikuwa mtu mfupi, mkali, aliyevaa glavu nyeupe hata akinywa chai. Alimfundisha kuushika mkanda kwa kingo zake tu, na kuunusa kabla ya kuutazama. Alimfundisha kutia ndani ya mkebe kikaratasi cha buluu ambacho hugeuka kijani, kisha njano, kadiri asidi inavyozidi.

Zaidi ya yote alimfundisha kutoamini maandishi ya juu ya mkebe. Mikebe hubadilishana mikanda kama watoto wa shule wanavyobadilishana kofia, alisema; anayetaka ukweli asome ukingo. Ni kweli kwamba pembeni mwa mkanda kiwanda huchapa alama ndogo, viduara na miraba na pembetatu, na alama hizo hutaja mwaka mkanda ulipotengenezwa. Chati yake ilibandikwa ukutani juu ya meza. Miaka yote hiyo Bi Siki alisoma ukingo wa kila mkanda uliopita mikononi mwake, isipokuwa mmoja.

Huo mmoja ulikaa safu ya sita, rafu ya nne, mkebe wa mwisho upande wa ukuta.

Aliukuta mwaka wake wa kwanza wa usaidizi, miaka ishirini na minane iliyopita. Ilikuwa filamu ya afya ya dakika saba, isiyo na sauti, ya kuwafundisha akina mama kumwogesha mtoto. Zamani msomaji alisimama kando ya pazia la sinema na kusoma maelezo kwa kipaza sauti. Mwanamke kapiga magoti kwenye ua wa zahanati, mbele yake kuna beseni, na ndani ya beseni kuna mtoto wa miezi saba au minane aliyefura kwa kilio. Mwanamke anamwagia maji kwa kiganja, anamfuta masikio, anampangusa. Mwishoni kabisa anainua uso, anatazama kamera, anasema maneno machache, kisha anacheka kama mtu aliyejisikia vibaya kwa kusema.

Uso ule aliujua. Ulikuwa uso wa dada yake mkubwa, mwanya ule ule, mashavu yale yale, ila ulikuwa na ulaini ambao hakuwahi kuuona kwa dada yake hata siku moja. Na ukoo mzima ulikuwa na msemo wake, kwamba dada ni mama yao mtupu, marehemu alijizaa. Bi Siki alikuwa kitinda mimba. Mama alifariki wiki ile ile aliyomzaa, na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Juu ya mkebe mwaka uliandikwa kwa wino mweusi, miaka minne kabla hajazaliwa. Hesabu ilikubali. Huyu alikuwa mama yake, na yule majini alikuwa kaka yake, aliyekufa kwa homa kabla ya kutimiza miaka mitatu.

Alilia pale pale mezani, kwa adabu, akiwa amegeuza uso pembeni ili chozi lisidondokee mkanda.

Hakuitazama tena, maana kila mkanda ukipita mashineni hukwaruzika kidogo. Hata kuurudisha mwanzo hakuurudisha. Aliuweka kama ulivyomalizikia, akafunga mkebe, akauzungushia utepe wa gundi mara tatu. Haukupita mwaka Bwana Mikebe akarudi kutoka kwenye mafunzo na habari mpya: kufunga kwa utepe ni kosa. Mkanda wa aina ile hujitia sumu kwa pumzi yake wenyewe, kwa hiyo mkebe uachiwe upenyo. Bi Siki alitumia wiki kumi na moja kubandua utepe ghala zima. Ule mmoja aliuruka. Alijiambia ataufungua wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa miaka.

Kila asubuhi aliuwekea kiganja, akaomba sala fupi, akaendelea na kazi. Alimsimulia mama mambo yake: cheti, posa iliyokuja ikarudi ilikotoka, kifo cha Bwana Mikebe na yeye kuachiwa ghala. Jambo moja hakulitaja hata kwa Mungu, ingawa Mungu hafichwi. Alimwonea wivu yule mtoto wa kwenye beseni.

Dada yake, Bi Siki hakumwambia habari ya mkebe. Dada ndiye aliyemlea, tena kwa mkono mzito. Alimkalisha na madaftari, alimkatalia michezo, alimchana nywele kama mtu anayeng'oa magugu. Bi Siki alipokuwa mdogo alimwuliza mara nyingi mama alikuwaje, na jibu lilikuwa moja.

"Alikuwa mama. Osha vyombo."

Nguo zote za marehemu Dada alizigawa, hata kitambaa cha kichwa hakukiacha. Hilo Bi Siki hakulisamehe. Hawakugombana, walipoa tu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Mmoja aliishi mji huu, mwingine mji wa mwendo wa saa saba kwa basi. Walipigiana simu mwaka mpya na wakati wa misiba. Angeweza kumwonyesha filamu ile siku yoyote, maana Dada ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyemjua mama kwa macho. Sababu ya kutomwonyesha ndiyo hiyo hiyo. Dada angeweza kutazama na kusema, hapana, siye.

Basi mwaka wake wa mwisho kazini, ikiwa imebaki miezi miwili astaafu, amri ilishuka kutoka juu. Jengo lingepewa idara nyingine. Mashine ya kunakili filamu iliazimwa kwa wiki sita; mikanda mizima ingenakiliwa na kuhamishwa, na iliyooza ingeteketezwa. Mashine ililetwa na fundi wake, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye watoto wanne wakubwa na mdomo usiochoka. Huyo Fundi alivuta pumzi mara moja mlangoni, akasema kumbe ndiyo maana anaambiwa ghala hili halijawahi kuibiwa. Siku ya tatu walikuwa wanagawana mkate. Bi Siki alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe ghalani. Ilimtoka kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Walikwenda safu kwa safu, wakinusa, wakisoma vikaratasi, wakitenga mikanda mibovu. Walipofika ya sita Fundi alisimama.

"Bi Siki, hapa kuna mtu anatengeneza achari."

Bi Siki alisema hasikii kitu. Fundi hakubishana. Alitia vikaratasi kwenye mikebe ya rafu ya nne na kesho yake akavitoa na kuvipanga mezani, kimoja kimoja, kama mtu anayecheza karata. Saba vilikuwa njano, na kadiri mkebe ulivyokaribia ukuta ndivyo njano ilivyokolea. Mvuke wa filamu iliyooza huambukiza jirani zake. Hilo Bi Siki ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Ndani ya mikebe ile saba kulikuwa na harusi, na kwaya ya watoto, na mzee mmoja akifuma kikapu, ambaye Bi Siki alimsalimu kila alipomtazama.

"Huu wa mwisho ndio chanzo," Fundi alisema, akigusa utepe uliogeuka rangi ya kahawia. "Na wewe ulijua, mama."

"Nilijua."

Mficha maradhi kilio humuumbua. Alikuwa ameanza kusikia harufu pembe ile miaka mitatu nyuma, akajisemea ni pua inazeeka.

Jioni ile ile Dada alipiga simu, ingawa haukuwa mwaka mpya wala hapakuwa na msiba. Alizungumza kwanza habari za maji kukatika na bei ya sabuni. Kisha akasema kwamba jicho la kulia limeshakwenda kwa presha ya macho, na la kushoto atafanyiwa upasuaji Jumatatu ya wiki ijayo. Daktari hakutoa ahadi.

"Unatazama picha za watu wote wa dunia, Kitinda," alisema. "Mimi sijakuona miaka minne. Njoo nikuone wakati bado naona."

Bi Siki alijibu atajitahidi, kazi ni nyingi. Alipokata simu alikaa kitandani na viatu miguuni. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza, kiti kimoja na kiti kingine ambacho aliwekea mzigo wa nguo kwa kuwa hakuna aliyekikalia. Aliona jambo wazi kama mtu aliyewashiwa taa. Mkanda unakufa na macho ya Dada yanakufa. Vyote viwili vikiondoka, hatajua maisha yake yote kama alimwekea kiganja mama yake au mwanamke asiyemhusu. Akapiga magoti. Kwa mara ya kwanza hakuomba mkebe uhifadhiwe. Aliomba nguvu ya kuufungua.

Asubuhi Fundi alikata utepe kwa wembe. Kifuniko kilikataa, kikakubali, na harufu iliyotoka ikawafanya wote wawili warudi nyuma huku wakifunika pua. Mkanda ulikuwa umejikunja kama jani kavu na kupata unga mweupe juu yake. Mizunguko ya ndani ilikuwa imeshikana ikawa kitu kimoja, kama kipande cha sabuni kilicholowa kikakauka. Fundi alijaribu kwa ncha ya kijiti cha mbao, kwa subira ya mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Ilipofika saa tisa alasiri alikuwa amebandua mita moja na nusu. Iliyobaki ilikatika kila alipoigusa.

"Sekunde nane," alisema. "Samahani, mama. Ndizo zilizotoka."

Kwa kuwa mkanda haukurudishwa mwanzo, sehemu ya nje ilikuwa ile ya mwisho. Sekunde nane zile zilikuwa za mwanamke kuinua uso, kusema, na kucheka. Bi Siki alimshukuru Mungu kwa woga wake wa miaka ishirini na minane iliyopita.

Kila mkanda uliookolewa ulihitaji fomu. Fundi aliinama na kioo cha kukuzia, akaanza kumsomea kama walivyofanya kwa mikanda yote, naye Bi Siki akaandika. Upana. Rangi, nyeusi na nyeupe. Hali, mbaya sana. Alama za ukingo, pembetatu, kisha mraba. Aliinua macho kwenye chati kwa mazoea, kama vile mguu unavyojua ngazi za nyumbani, akaandika mwaka. Kalamu ikasimama.

Ulikuwa mwaka wake wa kuzaliwa.

Alimwomba Fundi asome tena. Fundi alisoma tena, pembetatu, mraba. Bi Siki alichukua kioo akasoma mwenyewe. Alama hizo hurudi zile zile kila baada ya miaka ishirini, basi akahesabu kurudi nyuma, akamkuta mama yake ni msichana wa miaka kumi na minne. Akahesabu kwenda mbele, akamkuta yuko kaburini miaka ishirini. Hakuna mkanda unaoweza kupiga picha kabla ya kutengenezwa. Bi Siki alizaliwa Januari ya mwaka ule, na mkanda huu ulipotengenezwa, ukasafirishwa, ukatiwa kwenye kamera na kufika kwenye ule ua wa zahanati, mama yake alikuwa ameshazikwa. Kumbe mkebe ulikuwa wa filamu nyingine. Mtu fulani asiyejulikana aliokota bati lililokuwa karibu. Sheria kuu aliyofundishwa, aliyoifuata kwa mikanda elfu mbili na mia nane kasoro mmoja, ilikuwa ni kutoamini maandishi ya mkebe.

Fundi alimwuliza kama anaumwa. Alisema ni harufu.

Siku mbili alifanya kazi bila kupita safu ya sita. Kiganja kilimwasha saa ya sala, hakuwa na mahali pa kukiweka. Nyumbani alipiga magoti akakosa neno la kuomba, akainuka. Miaka yote alikuwa mpweke mwenye mama. Sasa aliuona upweke wenyewe, mtupu, bila kifuniko. Swali la pili lilikuwa limesimama mlangoni, hodi, hodi: kama si mama, ni nani mwenye uso ule? Alilisikia. Aliogopa kulifungulia peke yake.

Fundi ndiye aliyemsukuma bila kujua. Alikuwa amechapa picha moja kati ya zile za sekunde nane, iliyo safi kuliko zote, kwenye karatasi kubwa kama sinia, na sekunde zenyewe akazitia kwenye simu ya Bi Siki. Alimkabidhi huku akisema mwanamke huyu amefanana na yeye puani, tena asimchukie kwa kusema. Bi Siki alikunja karatasi ile ndani ya gazeti, akaandika barua ya ruhusa, na Jumamosi alfajiri akapanda basi.

Dada aliishi vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa amekaa dirishani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, jicho moja limefunikwa kwa pamba na plasta. Hakugeuka mlango ulipofunguliwa.

"Umekuja na harufu yako," alisema. "Afadhali. Hata nikipofuka nitakujua."

Bi Siki alimwamkia, akamshika mkono, akaulizwa habari za njia na kama amekula. Alipelekwa jikoni ajipashie chakula mwenyewe, na alipomaliza aliambiwa aoshe chombo. Alikiosha. Kisha akarudi, akafungua gazeti, akaweka karatasi mapajani mwa Dada.

Dada aliinua karatasi, akaisogeza kwenye jicho lililobaki mpaka pua ikagusa picha. Alianzia chini. Alipita polepole, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

"Beseni letu," alisema. "Pale ukingoni rangi imebanduka. Nililiangusha mimi, mama akanichapa."

Jicho lilipanda. Likakaa juu muda mrefu. Nje mtu alikuwa anapakia mabati kwenye gari, moja baada ya jingine.

"Dada, huyu ni nani?"

"Unaniuliza huyu nani." Dada alishusha karatasi. "Huyu ni mimi. Na huyo anayelia majini ni wewe. Tangu siku hiyo hujanyamaza."

Bi Siki alikaa sakafuni. Kiti kilikuwapo, hakukiona. Dada aliendelea kusimulia akitazama dirisha, kwa sauti ile ile aliyoitumia kusema habari za maji kukatika. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa amempeleka mtoto kwenye mizani, watu wa picha wakaja na gari, wakamchagua kwa sababu beseni alikuwa nalo. Muuguzi alimnong'oneza asiseme kwamba mtoto ni mdogo wake. Filamu ilikuwa ya kina mama, isije ikaharibika. Kila wingu lilipopita walimrudisha mwanzo. Mara nne alimwogesha, maji yakapoa, mtoto akageuka rangi.

Bi Siki alitoa simu. Aliiweka karibu na jicho la Dada, na zile sekunde nane zikapita. Uso ukainuka, midomo ikachezacheza, kicheko kikaja. Dada aliomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Hapo unasema nini?" Bi Siki aliuliza. Alikuwa ameyabeba maneno yale ya kimya miaka ishirini na minane. Kuna siku alidhani ni jina lake.

"Nilimwambia yule mwenye mashine, basi, inatosha, mtoto wangu anatetemeka." Dada alipapasa karatasi mapajani. "Wakacheka. Nami nikacheka, kwa aibu. Nilikuwa sijawahi kusema hivyo. Mtoto wangu. Lilinitoka tu."

Bi Siki aliinamisha kichwa mpaka kikagusa goti la dada yake. Mkono mzito ukashuka juu ya nywele zake, ukakaa pale bila kujua la kufanya, kwa kuwa haukuzoea kuwa hapo bila kitana. Mabati yalikwisha kupakiwa, gari likaondoka.

Baadaye sana, chai ikiwa imekwisha, aliuliza lile swali la zamani. Alilitoa taratibu, akiwa tayari kuosha vyombo. Mama alikuwaje?

Dada alikuna plasta ya jicho.

"Sikumbuki tena uso wake, Kitinda. Ulianza kunitoka nikiwa bado kijana. Nguo zake nilizigawa kwa sababu zilianza kupoteza harufu, nikaona bora ziende kabla hazijawa matambara tu. Nilikuwa najitazama kwenye kioo kumtafuta, kwa kuwa watu walisema tumefanana. Nilimwona msichana mwenye njaa tu. Ulipokuwa unaniuliza sikuwa na cha kukupa."

Basi picha ya mama haikuwapo, wala haitakuwapo. Walikaa na jambo hilo katikati yao kama mgeni wa tatu, mpaka giza lilipoingia na Dada akamwuliza kama ameshawasha taa. Taa ilikuwa inawaka tangu magharibi.

Jumatatu alimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akaomba kwenye benchi la nje kwa saa mbili. Daktari alitoka akasema wasubiri, mwanga utarudi kidogo au hautarudi. Jumatano ilibidi arudi kazini. Dada aliomba aachiwe ile karatasi. Hakuweza kuiona, aliigusa tu kingo zake, kwa ncha za vidole, bila kufundishwa na mtu.

Ghalani safu nne zilikuwa zimebaki tupu. Kiyoyozi kiliungurumia rafu zisizo na kitu. Fundi alikuwa upande wa pili akigombana na kebo, na mikebe saba iliyoambukizwa ilikuwa mbele kwenye foleni ya mashine. Bi Siki aliomba ianze hiyo, ili harusi na kwaya na mzee wa vikapu wawahi kabla ya kuchelewa. Mzee aliokoka. Kwaya ilipoteza safu ya nyuma. Harusi ilibaki bila bwana harusi, na hilo alijua ni deni lake, akaliweka mbele za Mungu pamoja na mengine.

Kisha akatoa ile fomu ambayo haikumalizika. Kwenye bati la zamani alikata mwaka wa wino mweusi; kwenye fomu aliuacha ule wa ukingo. Chini kulikuwa na mstari wa waliomo kwenye picha, ambao kwa watu wasiojulikana huandikwa mwanamke na mtoto, basi. Alivaa miwani. Aliandika jina la dada yake lote, la kwanza mpaka la ukoo, na mbele yake miaka kumi na saba. Mstari wa pili akaandika jina lake mwenyewe, lile ambalo ofisini hapakuwa na aliyelitumia. Mbele yake akaandika: mtoto wake, miezi minane.

Aliweka mita moja na nusu ile kwenye mkebe mpya, akafunika kifuniko bila kukikandamiza, akaacha upenyo wa unene wa ukucha. Lifti ilikuwa imefunguka kwenye korido na ndani yake kulikuwa na watu. Alipanda kwa ngazi.